Kazi Ikiwa Chuo: Juu ya Shahada ya Udaktari Itokanayo na Kazi

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya jamaa katika mkutano wa ukoo, Johannesburg)



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Wapo waliopanda ndege kutoka Toronto na Muscat, na wapo waliokuja kwa basi kutoka Mbeya wakipitia Lusaka na Harare, na wote wamefika salama. Ndugu zetu waliotangulia mbele ya haki tangu tulipokutana mara ya mwisho, Mungu awarehemu.

Kamati imeniomba nizungumze juu ya jambo lililozua maneno mengi katika barua zetu za ukoo. Baadhi ya ndugu zetu walio katika vyeo vya juu makazini wameomba kwamba Mfuko wa Elimu wa Umoja, ambao tangu kuanzishwa kwake umelipa karo za watoto peke yake, uwasaidie pia watu wazima wanaotaka kusoma shahada ya udaktari kwa njia ya kazi zao. Wapo waliosema kwamba hiyo ni haki yao, kwa kuwa wao ndio wachangiaji wakubwa. Wapo waliojibu kwamba mtu mwenye gari la ofisi na mshahara wa mkurugenzi hana haja ya kugusa senti ya yatima. Kesho mtalipigia kura. Mimi nimeombwa nieleze leo kitu chenyewe ni nini, ili tusije tukapiga kura juu ya neno tusilolijua. Na kwa kuwa umri unaniruhusu, nitatoa na maoni yangu.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari wa aina yoyote. Nilikuwa mtumishi wa serikali, miaka kumi na miwili nyumbani Tanzania, na baada ya kuhamia hapa mwaka 1996, miaka mingine zaidi ya ishirini katika ofisi ya umma. Pande zote mbili kazi yangu ilikuwa mafunzo ya watumishi: kupokea maombi, kupima nani apewe ruhusa ya masomo, kulipia ada, na kufuatilia nani amemaliza na nani ameachia njiani. Kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona mezani, katika majalada ya watu wengine.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe. Neno udaktari hapa halihusu hospitali. Ni shahada ya juu kupita zote zitolewazo na chuo kikuu kwa masomo, ile iitwayo pia shahada ya uzamivu. Udaktari wa falsafa kwa sura tuijuayo leo, yaani mtu kufanya utafiti mpya, kuandika tasnifu na kuitetea mbele ya wajuzi, ulikulia katika vyuo vikuu vya Ujerumani, hasa kile cha Berlin kilichoanzishwa mwaka 1810. Shabaha yake ilikuwa kumtayarisha mwanachuoni. Baadaye walimu, wahandisi, wauguzi na mameneja wakaanza kuuliza: mtu asiyekusudia kuhamia chuoni, bali ataka kuiboresha kazi yake mwenyewe na ya wenzake, je, mlango huu haumhusu? Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani kilitoa udaktari wa elimu kwa mara ya kwanza mwaka 1921, na taaluma nyingine zikafuata. Huko London, Chuo Kikuu cha Middlesex kilikwenda mbele zaidi kwa kuifanya kazi yenyewe kuwa somo, na mwaka 1996 kilitunukiwa tuzo ya Malkia ya vyuo kwa ajili ya mafunzo yake yatokanayo na kazi.

Hapa Afrika Kusini, udaktari wa kitaaluma ulipewa nafasi yake rasmi katika mfumo wa tuzo za elimu ya juu uliorekebishwa na kutangazwa mwaka 2013. Njia ya kusoma huku ukiwa kazini ilikuwapo tangu zamani. Shule ya uongozi wa biashara ya Unisa, iliyoanzishwa mwaka 1965 na iliyoko Midrand, njiani kwenda Pretoria, ina shahada yake ya udaktari wa uongozi wa biashara. Na pale Modderfontein, mahali palipofunguliwa kiwanda cha baruti mwaka 1896 kwa ajili ya migodi, Taasisi ya Da Vinci ilianzisha masomo ya uongozi ambayo mwanafunzi huanzia katika tatizo halisi la mahali pake pa kazi, badala ya kuanzia kitabuni.

Nimeitaja baruti kwa makusudi, maana huwezi kulielewa jambo hili katika mji huu bila kuijua migodi yake. Johannesburg ilizaliwa na dhahabu iliyogunduliwa mwaka 1886. Chini ya ardhi hii, kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi wetu, mtu mweusi aliweza kuijua kazi barabara na asiruhusiwe kuwa na cheti chake. Sheria ya Migodi ya mwaka 1911, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1926, iliwafungia Waafrika vyeti vya umahiri, kikiwemo cheti cha kulipua baruti. Mzee aliyekaa shimoni miaka kumi na mitano, ajuaye kwa sikio lake mwamba uliao kabla ya kuanguka, alimwelekeza kazi kijana wa Kizungu aliyefika juzi. Kisha kijana yule akawa bosi wake, kwa kuwa yeye alikuwa na karatasi. Kizuizi hicho hakikuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1987. Na wapo miongoni mwetu ambao babu zao waliijua hali hiyo kwa ngozi zao, maana Wenela iliandikisha vijana hata katika wilaya za kusini mwa Tanganyika, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipolikomesha jambo hilo.

Ndiyo maana, mfumo mpya wa elimu ulipokuwa ukijadiliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyama vya wafanyakazi, na hasa NUMSA, chama cha wafanyakazi wa vyuma, vilidai kwamba ujuzi ambao mtu ameupata kazini upimwe na kutambuliwa hata kama hakuupata darasani. Dai hilo likaingia katika mfumo wa taifa wa tuzo za elimu uliojengwa juu ya Sheria ya SAQA ya mwaka 1995. Naomba tulikumbuke hilo tunaposikia wakurugenzi wakizungumza juu ya kutambuliwa kwa uzoefu wao. Wazo hili halikuanzia ofisini kwa wakurugenzi. Lililetwa na watu wa shimoni na wa karakana.

Nasi nyumbani tulikuwa tumekwisha kulijua kwa njia yetu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilielekeza kwamba kijana amalizaye kidato cha sita asiende moja kwa moja Chuo Kikuu, bali afanye kazi kwanza, na mwajiri wake pamoja na chama watoe maoni juu yake. Mlango ukafunguliwa pia kwa watu wazima waliokwisha kuijua kazi. Nilipoanza utumishi niliyakuta majalada ya makarani na walimu wa shule za msingi waliopanda Mlimani kwa njia hiyo. Baadaye masharti yale yalilegezwa, lakini wazo halikufa. Siku hizi VETA huwapima mafundi waliojifunzia gereji na mitaani, na wanaofaulu huwapa vyeti, katika mpango uitwao urasimishaji ujuzi.

Ndugu zangu, baada ya kusema hayo sina budi kusema upande wa pili, maana hapo ndipo barua zetu zilipopotea njia. Ndugu yetu mmoja ameandika kwamba mtu aliyeongoza idara kwa miaka ishirini tayari ni daktari, kilichobaki ni chuo kumpa karatasi yake. La, hasha. Udaktari utokanao na kazi si nishani ya utumishi wa muda mrefu. Sera ya Baraza la Elimu ya Juu la nchi hii ya mwaka 2016 inasema wazi kwamba shahada nzima haiwezi kutolewa kwa kutambua ujuzi wa awali peke yake. Kwa kawaida ujuzi huo hauwezi kuhesabiwa kupita nusu ya masomo, na wanaoingia kwa mlango huo hawapaswi kuzidi sehemu moja kwa kumi ya wanafunzi wa programu. Kwa udaktari, uzoefu waweza kukufikisha mlangoni. Ukishaingia, unafanya kazi kama wenzako.

Na kazi yenyewe si ndogo. Udaktari wa kitaaluma una krediti zisizopungua 360, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza. Hizo ni saa 3,600. Sehemu isiyopungua asilimia 60 lazima iwe utafiti, yaani saa 2,160, na sehemu inayobaki yaweza kuwa masomo ya darasani. Tuchukue mtu anayetoa saa mbili kila jioni ya kazi, na saa tano Jumamosi, na saa tano Jumapili. Hizo ni saa 20 kwa wiki. Akisoma wiki 45 katika mwaka, atapata saa 900, na itamchukua miaka minne kamili. Nimempa wiki saba tu za misiba, harusi, ugonjwa na mapumziko. Kila aliyemo humu anajua kwamba kwa ukoo huu wiki saba hazitoshi.

Pengine mtauliza mtu huyo anafanya nini katika saa zote hizo, ikiwa kazi anaijua. Nitatoa mfano wa kubuni. Tuseme yupo mkurugenzi wa idara ya maji katika mji fulani. Kwa miaka mingi ameona kwamba maji yanayosukumwa kutoka kwenye matangi ni mengi kuliko yanayolipiwa, na amejifunza kwa uzoefu kwamba mabomba hupasuka zaidi katika mitaa fulani usiku, shinikizo linapopanda. Hayo ni maarifa, lakini bado ni yake peke yake. Akiingia udaktari ataulizwa: unajuaje? Umepima? Wengine walioliona tatizo hili Manila au Nairobi walisema nini, na wewe unakubaliana nao wapi na kupingana nao wapi? Ukipunguza shinikizo usiku katika mtaa mmoja na kuuacha mtaa wa pili kama ulivyo, kutatokea nini katika miezi kumi na miwili? Huenda sababu ikawa nyingine usiyoifikiria, kama vile umri wa mabomba. Kisha ataandika, na watahini wasiomjua, kutoka nje ya chuo chake, watayasoma maneno yake bila kujali kwamba nje ya ofisi yake kuna maegesho yenye jina la cheo chake. Mwishoni lazima atoe kitu ambacho mkurugenzi wa mji mwingine anaweza kukichukua na kukitumia.

Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya uzoefu na udaktari. Mmarekani Donald Schön aliandika kitabu mwaka 1983 juu ya wataalamu wanaofikiri wakiwa katikati ya kazi, akaonyesha jinsi wanavyojua mengi ambayo hawajapata kuyasema. Ukoo huu unao mfano wa karibu zaidi. Marehemu mjomba wetu aliitumikia TAZARA tangu reli ilipoanza kazi. Wenzake walikuwa wakisema kwamba aliweza kusimama kando ya injini inayopita na kukwambia ni gurudumu gani lenye beringi inayochoka. Alipostaafu alifanyiwa sherehe, akachinjiwa mbuzi, akapewa redio. Hakuna aliyemwuliza alikuwa akisikiliza nini. Wahenga wamesema ujuzi hauzeeki, na ni kweli. Lakini mwenye nao huzeeka, na akizikwa huzikwa nao asipokuwa ameuweka mahali. Mimi naiona shahada hii kuwa njia mojawapo ya kuuweka mahali. Kwa mtu anayeitaka kwa ajili hiyo, nitasimama upande wake. Kwa mtu anayetaka tu herufi mbili mbele ya jina lake katika kadi ya harusi, nitamshauri aokoe nguvu zake.

Kwa wale watakaoamua kuianza, nina mambo manne niliyoyajifunza katika majalada.

La kwanza, mkubwa lazima akubali kuwa mwanafunzi. Msimamizi wake anaweza kuwa kijana wa umri wa binti yake, naye atamrudishia sura ya kwanza ikiwa na wino mwekundu kila ukurasa. Nimewaona watu waliozoea kutia saini hati za mamilioni wakishindwa kulivumilia hilo. Walioweza kulivumilia walimaliza.

La pili, mkubwa haambiwi ukweli na walio chini yake. Ukimwita karani wako umhoji juu ya matatizo ya idara unayoiongoza wewe, atakuambia yale unayopenda kusikia, kwa kuwa barua yake ya kupandishwa cheo iko mezani kwako. Kwa hiyo chuo kinachofaa kitakutaka upate kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, kwamba anayehojiwa awe huru kukataa, jina lake lifichwe, na pengine mtu mwingine afanye mahojiano badala yako. Wengi hulalamika kwamba hizo ni taratibu za kuchelewesha. Mimi naziona kuwa ulinzi wa mnyonge, na tena ulinzi wa utafiti wenyewe.

La tatu, kazi ni mali ya mwajiri. Pata ruhusa yake kwa maandishi kabla ya kuanza, ikieleza takwimu zipi utazitumia na nini kitabaki siri. Nilimwona mtu aliyefika mwaka wa tatu, idara yake ikaunganishwa na nyingine, mkubwa mpya akafunga makabati, na utafiti ukafia hapo. Hakuwa na barua.

La nne, walioacha masomo katika majalada yangu hawakuacha kwa kukosa akili. Wengi waliachia baada ya masomo ya darasani kwisha, pale mtu anapobaki peke yake na tasnifu, hakuna mwenzake wa kumwuliza amefika wapi, na kila jioni kuna shughuli iliyo na haki zaidi kuliko kuandika. Hapo nyumbani ndipo panapoamua. Mke au mume anayebeba peke yake mambo ya watoto kwa miaka minne naye yumo katika shahada hiyo, ingawa jina lake haliandikwi.

Lipo jambo jingine ambalo lazima nilitaje kwa kuwa ni la hatari. Penye kitu cha thamani hapakosi bandia. Wapo wanaouza udaktari kwa fedha, wakisema kwamba "wanatambua uzoefu wako", na kwa wiki chache cheti chenye muhuri wa dhahabu hufika kwa posta. Maneno yao yamefanana sana na maneno ya njia ya halali, na ndiyo maana yanawanasa hata watu wazima wenye akili. Mwaka 2014 mwanasiasa mmoja mashuhuri wa nchi hii, aliyepata kuwa waziri na aliyeheshimiwa kwa usomi wake, alijiuzulu ubunge baada ya gazeti kufichua kwamba udaktari alioitwa nao kwa miaka mingi haukuwapo. Sitamtaja, mnamjua. Kilichonisikitisha ni kwamba maarifa alikuwa nayo. Vitabu alivisoma na watu walimsikiliza. Na mwaka 2019 Rais alitia saini marekebisho ya sheria ya mfumo wa tuzo za elimu, yaliyofanya kudai shahada usiyo nayo kuwa kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka mitano.

Basi, kabla ya kumlipa mtu hata randi moja, uliza maswali matatu. Chuo hiki, kama ni cha binafsi, kimo katika daftari la vyuo binafsi la Wizara ya Elimu ya Juu na Mafunzo? Programu hii yenyewe imeidhinishwa na Baraza la Elimu ya Juu? Shahada hii imesajiliwa na SAQA katika mfumo wa taifa? Majibu yote matatu hupatikana bila malipo. Mlio Tanzania, iulizeni Tume ya Vyuo Vikuu. Mlio kwingine, kila nchi ina mamlaka yake. Sisi tuliokuja huku na vyeti vya nyumbani, tukavipeleka Pretoria vikatathminiwe na SAQA kabla ya kuajiriwa, tunajua kwamba siku ya kuulizwa haikosi kufika.

Nikiwa bado katika mji huu, niruhusuni mfano mmoja zaidi. Nelson Mandela alifika Johannesburg mwaka 1941. Mchana alikuwa karani katika ofisi ya mawakili, usiku akisoma kwa mshumaa katika chumba chake Alexandra, akachukua shahada yake ya kwanza kwa masomo ya posta ya Unisa. Mwaka 1952 yeye na Oliver Tambo walifungua ofisi yao ya uwakili mjini hapa, wakawatetea watu wasio na hesabu. Hata hivyo shahada yake ya sheria hakuipata mpaka mwaka 1989, kwa Unisa hiyohiyo, akiwa bado mfungwa. Sheria alikuwa amekwisha kuifanyia kazi mahakamani kabla wengi wetu hatujazaliwa. Hakusema apewe kwa sababu hiyo. Alikaa akasoma, akafanya mitihani kama wengine.

Ndugu Mwenyekiti, sasa natoa maoni yangu juu ya kura ya kesho, nayo ni matatu.

Kwanza, Mfuko wa Elimu ubaki kuwa wa watoto. Mkurugenzi anapolitatua tatizo la kazini kwake, mnufaika wa kwanza ni mwajiri wake, na mwajiri ndiye anayepaswa kulipa. Katika nchi hii, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1999, waajiri ambao mishahara wanayolipa inazidi randi 500,000 kwa mwaka hutozwa asilimia 1 ya mishahara hiyo kwa ajili ya kukuza ujuzi. Mwenye cheo na aende kwa mwajiri wake akaombe. Yatima wa marehemu ndugu yetu hana mwajiri wa kumwomba.

Pili, tufungue mkopo mdogo, nje ya fedha za karo, kwa jamaa zetu wenye ujuzi wasio na cheti. Tunaye fundi wa kuchomelea Mbeya ambaye mageti yake yamefungwa mpaka Tunduma, tunaye shangazi aliyeendesha jiko la hoteli miaka kumi na minane, na hapa Johannesburg tunao vijana watatu wanaotengeneza magari nyuma ya nyumba. Kupimwa na kupewa cheti kwawagharimu fedha ambayo kwa wengine wetu ni chakula cha jioni moja mjini. Hao ndio ambao wazo hili lilizaliwa kwa ajili yao, na sijaona barua hata moja iliyowataja.

Tatu, wale wanaosoma udaktari tuwape kitu ambacho mwajiri hawezi kuwapa, nacho ni muda. Umoja uwaondolee kwa miaka minne kazi za kamati. Panapotokea msiba wa mbali, nyumba yao iwakilishwe na mmoja, na mwingine asinuniwe kwa kubaki akiandika. Mashangazi wasipige simu kuuliza kwa nini fulani siku hizi haonekani; waambiwe mapema, na wawe wepesi kumsaidia mwenzi wake kwa watoto. Nasi tutadai malipo. Kila atakayemaliza alete nakala moja ya tasnifu kwenye sanduku la Umoja, na katika mkutano unaofuata asimame hapa niliposimama, atueleze kwa Kiswahili, kwa nusu saa, amegundua nini, kwa namna ambayo mtoto wa kidato cha pili ataelewa. Akishindwa kulieleza hilo kwa lugha ya mama yake, tutamwomba arudi tena mwaka ujao, na chakula tutampa.

Nimesema mengi, na harufu ya pilau imekwisha kufika humu ukumbini. Nimeacha kwa Katibu karatasi yenye yale maswali matatu na anwani za ofisi za kuuliza. Kila nyumba ichukue moja. Vijana wanaotaka niwasomee barua zao za maombi ya ruhusa ya masomo, nipo hapa mpaka Jumatatu. Baada ya hapo mnajua nyumbani kwangu, nami kwa kuwa nimestaafu, siku zote nipo.